Mali bila daftari: tangi la mtaa wetu Chake lilivyokuwa likikauka kila tarehe 20

#1 Maalim Hesabu (mleta mada)

Assalaam alaykum ndugu zanguni. Uzi huu mrefu, mwenye haraka apite, akirudi atatukuta hapa hapa.

Mimi ni mwalimu wa hisabati katika skuli moja hapa Chake Chake, Pemba. Mtaa siutaji, maana sheha wetu naye yumo humu na jina analojificha nalo nalijua. Mtaani tuna kisima cha mashine, pampu, tangi la lita 10,000 juu ya nguzo za zege, na mifereji sita ya kuchotea chini yake. Kisima katuchimbia kijana wa mtaani aliyeko Omani, kanuia sadaka kwa wazazi wake waliokwisha tangulia. Umeme wa pampu tunajilipia wenyewe: nyumba 46, kila nyumba shilingi 1,000 kwa mwezi, tunanunua tukuza (umeme wa kulipia kabla), yuniti kama 120 hivi.

Mwaka mzima uliopita yuniti zile zilikuwa hazifiki mwisho wa mwezi. Tarehe 20, 21, pampu kimya. Hapo ndipo mtaa unapoonyesha sura yake ya pili. Anayejenga pale juu akaambiwa anajazia mapipa ya zege usiku. Mwenye vespa mbili akaambiwa anaziosha kila siku kama farasi wa Sultani. Mweka hazina akaanza kutazamwa miguuni kama viatu ni vipya. Mkutano wa kwanza ulikuwa baada ya Isha, ukaisha kwa watu wawili kutosalimiana.

Mimi nikaomba kitu kimoja tu: nipewe wiki tatu nipime, watu wanyamaze kwanza.

Siku tatu mfululizo vijana wangu wa darasa la sita walikaa na chaki pale kwenye mifereji, kila dumu la lita 20 likijaa wanachora mstari ukutani. Wastani ukatoka madumu 310 kwa siku, yaani lita 6,200. Pampu inajaza tangi zima kila siku, lita 10,000, kwa saa nne. Basi lita 3,800 zinakwenda wapi? Hakuna mtu anayeweza kuiba madumu 190 kila siku watu wasimuone. Hata punda angechoka.

Usiku mmoja nikamchukua fundi ujenzi na ule mpira wake mweupe wa maji wa kupimia usawa. Tukauunga kwenye bomba la kutokea, tukaupandisha ubavuni mwa tangi, usawa wa maji ukaonekana nje bila kupanda juu. Tukafunga mifereji yote sita kwa kufuli. Saa nne ya usiku nikatia alama ya chaki. Saa kumi na moja alfajiri, kabla ya adhana, nikarudi: maji yameshuka sentimita 22. Tangi lina kipenyo cha mita 2.2, kwa hivyo kila sentimita ni lita 38. Sentimita 22 ni lita 836 kwa saa saba, na watu wote wamelala. Kwa siku nzima hiyo ni karibu lita 2,870.

Mifereji miwili ilikuwa inadondoka, ile ambayo kila mtu anaiona na kusema "aa, tone tu". Nikaiwekea ndoo: kila mmoja unajaza ndoo ya lita 20 kwa saa nne. Tone tu ni lita 120 kwa siku, 3,600 kwa mwezi. Lakini hizo mbili haziwezi kuwa ndio zote. Zilizobaki zinakwenda chini ya ardhi.

Anayejenga pale juu, maskini, maji yake yalikuwa ananunua kwa gari.

Nitaendelea jioni, naitwa.

---

#2 Mtoto wa Wesha

Nimeshakaa, kahawa ipo mkononi. Maalim usituache njiani kama yule wa uzi wa hazina ya Mkama Ndume, mtawala wa kale wa Pujini.

---

#3 Kahawa Chungu

Kwa heshima yote Maalim, mnajitesa bure. Maji ni kazi ya serikali. Sisi tunalipa kodi, tunalipa bili, halafu tena tukae na chaki tuhesabu madumu? Kesho mtatuambia tuhesabu na pumzi.

---

#4 Maalim Hesabu

Kahawa Chungu, sikupingi hata kidogo kwenye haki yako. Mahali pa kudai, dai, na mimi nitasimama nyuma yako. Lakini lile bomba lililopasuka liko upande wetu wa mita, kwenye kisima chetu, tumelilaza wenyewe kwa mikono yetu. Nimdai nani?

Na hata ukienda kudai, utaambiwa nini ukisema tu "maji hayatoshi"? Kila mtaa unasema hivyo. Ukienda na karatasi imeandikwa "lita 119 kwa saa zinapotea, kutoka nguzo hii mpaka mfereji ule", aliyekaa mezani lazima ainue kichwa.

---

#5 Bint Wete

Maalim, kazi yako nzuri, lakini kuna kitu hukukipima.

Mkutano mmeufanya baada ya Isha, msikitini. Wanaobeba madumu ni kina nani? Kina mama na watoto. Nani kati yao alikuwepo? Angekuwepo mmoja tu angewaambia bomba linavujia wapi, bila ya chaki wala mpira. Mwanamke anayepita njia ile mara sita kwa siku na dumu kichwani anajua ardhi ipi imerowa na ipi kavu, maana ndipo anapoteleza.

Na jengine. Hizo lita 6,200 ukizigawa kwa nyumba 46 ni kama madumu saba kwa nyumba, kwa watu saba au wanane: kupika, kufua, kuoga, kutawadha, choo. Hakuna israfu hapo. Nyumbani kwetu maji ya kuoshea mchele yanakwenda kwenye mgomba, ya kusuuzia nguo ya mwisho ndiyo yanayoanza kufulia kanga za kazi, yaliyobaki yanamwagwa chooni. Sasa mtu asije hapa akatuhubiria tubane matumizi. Tumeshabana mpaka mwisho. Kazaneni na bomba lenu.

---

#6 Maalim Hesabu

Bint Wete, umenipiga na nimekubali. Naendelea na hadithi, maana ndiyo hiyo hiyo uliyoisema.

Tulizunguka siku mbili tunatafuta pa kuchimba. Ilikuwa kaskazi, jua kali, majani yote rangi ya mkeka. Aliyetuonyesha ni mke wangu, na hakutumia hata maneno mengi: "Nyinyi hamjajiuliza kwa nini mchicha wa Bi Mkubwa haufi?"

Bi Mkubwa ni bibi yetu sote pale mtaani. Ana kibustani cha hatua kama nane kwa tano ubavuni mwa nyumba yake, na mchicha wake unasifiwa mtaa mzima: mnene, kijani, kaskazi na kusi. Sote tunaununua. Sote tulikuwa tunasema ana mkono wa baraka.

Tulipochimba, futi mbili tu, tukakuta kiungo cha bomba kimefungwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Nani alikifunga, hakuna anayekumbuka. Maji yanabubujika taratibu kama chemchemi, na mizizi ya mchicha imekifuata kama watoto wa kuku.

Bi Mkubwa hakuwa anajua. Akatutazama, akasema, "Wanangu, mimi nilidhani Mungu kanipenda." Hakuna aliyejua amjibu nini. Tukafunga bomba kwa kiungo kipya, mifereji miwili tukaitia vimpira vipya vya ndani. Gharama yote haikufika mchango wa mwezi mmoja.

---

#7 Mtoto wa Wesha

"Nilidhani Mungu kanipenda." Wallahi nimecheka, halafu nikaacha kucheka.

---

#8 Kijana wa Ng'ambo

Nawasalimu kutoka Unguja. Nyinyi Wapemba mnaongea maji, mimi nawakumbusha kuwa maji ya pampu ni umeme uliovaa nguo nyengine.

Umeme wa kutoka bara ulipokatika Desemba 2009, sisi Unguja tulikaa gizani mpaka Machi 2010. Miezi mitatu. Nyinyi wakati ule mlikuwa bado na majenereta yenu, kebo ya kutoka Tanga ikaja kwenu mwaka huo huo wa 2010. Kilichotutesa zaidi hakikuwa giza. Giza tulilizoea kabla ya wiki. Mateso yalikuwa mifereji mikavu. Visima vya zamani ambavyo watu walikuwa wameshavigeuza majaa ya taka vikaanza kutafutwa kama ndugu aliyedharauliwa halafu akatajirika. Kuna kimoja nyuma ya nyumba ya babu, tulikitoa viatu, makopo, na kiti kimoja cha plastiki kabla ya kuona maji.

Na tabia ya kuona maji hayana bei tumeirithi mbali. Seyyid Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888, aliyaleta mjini maji ya chemchemi za upande wa Bububu kwa bomba, na watu wakanywa bila ya malipo. Jambo jema, Mungu amlipe. Ila tangu hapo mtu wa mjini ukimwambia maji yana gharama anakuona umechanganyikiwa. Mpaka Sheria ya Maji ya 2006 inakuja na Mamlaka ya Maji inaanzishwa, mabibi zetu walikuwa wanauliza, "Mvua nayo mtatutoza?"

Nilifanya hesabu ya pampu yako Maalim. Umesema saa nne kwa siku. Ikiwa ni ya kilowati moja na nusu, hiyo ni yuniti sita kwa siku, na 120 zinaisha siku ya 20 barabara. Tarehe yako haikuwa uchawi wala mweka hazina.

---

#9 Maalim Hesabu

Kijana wa Ng'ambo, hiyo hiyo, kilowati moja na nusu. Ulifaa uwe darasani kwangu. Na mweka hazina amesoma maneno yako, amesema ana deni la kahawa kwako ukija Pemba.

---

#10 Ustadh Kata

Naongezea upande wa msikiti, kwa sababu nusu ya maji ya mtaa yanapita hapo.

Zamani misikiti yetu ilikuwa na birika, unachota kwa kata ya kifuu. Kata ina mwisho: ikiisha umechota tena, na mkono wako unajua umechota mara ngapi. Tulipoingiza mifereji tukasema tumeendelea. Siku moja niliweka beseni chini ya mfereji nikatawadha kama ninavyotawadha siku zote, nikapima. Lita sita! Na mimi ndiye ninayesomesha darsa la fiqhi.

Anas r.a. amepokea kuwa Mtume s.a.w. alikuwa akitawadha kwa mudi moja na kuoga kwa swaa moja (vipimo vya Kiarabu) mpaka mudi tano, iko katika Bukhari na Muslim. Sisi tuna vipimo vyetu vya kuielewa hiyo: swaa moja ni mudi nne, kama pishi yetu ilivyo vibaba vinne. Basi udhu wa Mtume ni kibaba cha maji, kama robo tatu ya lita. Nimeleta kibaba chenyewe, kile cha kupimia fitra, nikawaonyesha vijana. Kila mtu akacheka. Nikawaambia jaribuni. Kwa kibaba kimoja wengi tulishindwa. Kwa viwili tukaweza wote.

Tumerudisha kata nne. Wazee wamefurahi, vijana wanapiga picha.

---

#11 Kahawa Chungu

Ustadh, na ile ya usifanye israfu hata ukiwa kwenye mto unaopita?

---

#12 Ustadh Kata

Hiyo iko kwa Ibn Majah, na wanavyuoni wana maneno kwenye isnadi yake, yaani mlolongo wa wapokezi. Maana yake ni nzuri, lakini mimi nikitaka kumshika mtu mkono nashika iliyo na nguvu. Tusitoke nje ya mada.

---

#13 Fundi Mlizamu

Mimi kazi yangu ni paa na milizamu (watu wa bara wanaita gata). Naona mnazungumza kisima tu, na Pemba tunanyeshewa kuliko Unguja!

Hesabu ni nyepesi: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Paa la mita 60 za mraba, mvua ya milimita 20, ambayo wakati wa masika ni mvua ya asubuhi moja, inakupa lita 1,200. Toa zinazorukia nje na za kuoshea bati mwanzo, bado umejaza mapipa manne na zaidi. Maji hayo ya kwanza yaache yamwagike. Ndiyo yanayobeba vumbi, majani na uchafu wa kunguru. Baada ya hapo elekeza mlizamu pipani. Funika pipa kwa wavu, la sivyo utawafugia mbu.

Kosa ninaloliona kila nyumba: mtu anajenga ghorofa, anatia marumaru, anatia taa za rangi, mlizamu hana. Maji yanachimba msingi wake mwenyewe huku mwanawe yuko kwenye foleni na dumu.

Halafu, kisima si mfuko usio na tako. Hivi ni visiwa. Maji matamu yameelea juu ya maji ya chumvi. Wataalamu wana kanuni yao: kinadharia kila mita moja unayoishusha ya maji matamu, chumvi chini inapanda kama mita 40. Kisima cha karibu na pwani kikivutwa mno kinaanza kuonja chumvi, na chumvi ikishaingia haiombwi ikatoka. Basi lile bomba la Bi Mkubwa lilikuwa linawapotezea umeme, na huku pampu inavuta bure kilicho chini.

Na tafadhali, choo. Nimeona kisima na shimo la choo hatua kumi. Acheni angalau mita 30, na choo kiwe upande wa chini wa mteremko.

---

#14 [Chapisho limeondolewa na msimamizi]

---

#15 Msimamizi

Wa #14 na wenzake wanne waliomjibu: uzi huu ni wa maji na mali ya mtaa. Vyama vina jukwaa lake. Asanteni.

---

#16 Pweza Kidume

Mimi mvuvi, si mtu wa tangi, lakini naona ni jambo lile lile.

Kisiwa Panza, huku kusini ya Pemba, watu wanafunga mwamba wa pweza. Wanakubaliana wenyewe eneo na muda, miezi mitatu hivi, hakuna kuchokoa pweza ndani yake. Pweza anakua upesi sana. Aliyekuwa wa kulia ugali mtu mmoja, baada ya miezi mitatu anataka sufuria. Siku ya kufungua wanaifuatisha na bamvua, maji yanapotoka sana, na watu wanamiminika kama siku ya Idi.

Kufunga si kazi, mtu yeyote anaweza kutia kamba na kusema pamefungwa. Kazi ni kulinda usiku, na kazi kubwa zaidi ni siku ya kufungua: nani kapata pweza wangapi, uzito gani, kauza kwa nani, na cha walinzi ni kiasi gani. Wasipoandika hayo, mara ya pili hakuna atakayekubali kufunga, kila mmoja atasema mwenzake ndiye aliyefaidi.

Kisiwa cha Misali kilipotengwa kuwa hifadhi 1998 kulikuwa na kelele nyingi kwa wavuvi wetu. Kilichosaidia ni masheikh kuja kusema habari ya ukhalifa, kuwa mtu ni mlinzi hapa duniani, si mwenyewe. Wavuvi walisikiliza. Lakini hata anayemcha Mungu anataka kuona mizani.

---

#17 Shoga wa Madungu

Nimesoma mpaka hapa, swali langu ni la pesa tu. Kila mchango niliowahi kuutoa maishani umeliwa. Mchango wa jaa la taka uliliwa, mchango wa taa za njia uliliwa, wa maziko karibu uliwe. Maalim, hiyo shilingi elfu yenu inalindwaje? Msiniambie uaminifu.

---

#18 Maalim Hesabu

Sikwambii uaminifu, shoga. Mweka hazina wetu ni mwaminifu na bado mwaka mzima tulimla nyama.

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nilikuwa nayajua maneno haya tangu utoto, na siku zote nilidhani yanazungumzia mwizi. Sasa nayaona vingine. Kwetu mwizi hakuwepo, na mali ilipotea vile vile. Na ubaya wake, kwa kuwa hatukuwa na daftari, kila mmoja wetu aligeuka mwizi machoni mwa mwenzake.

Sasa tunafanya hivi. Daftari ni moja, kubwa, la kurasa zilizotiwa namba ili usichane. Ukurasa wa kushoto maji: usawa wa tangi saa nne usiku na alfajiri, mara moja kwa wiki, usiku wa kuamkia Ijumaa. Ukurasa wa kulia pesa: nani kalipa, tukuza ya yuniti ngapi, risiti imegandishwa. Anayeandika maji siye anayeshika pesa. Kila Ijumaa kurasa mbili zinapigwa picha, zinatiwa kwenye kundi la wasapu la mtaa, na daftari lenyewe linakaa dukani, linafunguliwa na yeyote anayekuja kununua sukari.

Wanaoshika funguo za mifereji sasa ni kina mama watatu kwa zamu. Hii ni kwa sababu ya Bint Wete. Mkutano wa pili tuliufanya saa kumi ya alasiri, barazani, mikeka ikatandikwa, na kina mama walikuwa wengi kuliko sisi. Wakabadilisha mambo mawili ndani ya robo saa. Saa za kufungua zikasogezwa mapema, kabla watoto hawajaondoka kwenda skuli. Na mfereji mmoja ukawekwa kwa wazee na wajawazito, hauna foleni.

---

#19 Bint Wete

Haya sasa. Nimekusamehe.

---

#20 Kahawa Chungu

Na taka je? Maana nyinyi mmetibu maji, lakini mimi mtaani kwetu jaa limefika mlangoni.

---

#21 Shoga wa Madungu

Kahawa, fungua uzi wako. Ila kwa ufupi: mifuko ya plastiki Zanzibar ilipigwa marufuku 2006, bara wakatufuata 2019, na mpaka leo bado kuna mwenye duka anakuuliza "nikutilie?" huku anatazama kushoto na kulia. Chukua kikapu chako cha ukili. Samaki mtie utungo kama babu zako. Maganda ya mihogo na ndizi yachimbie chini ya mgomba. Ukishatoa hayo, jaa linabaki nusu.

---

#22 Maalim Hesabu (baada ya miezi miwili)

Naona watu wananiuliza kwenye ujumbe wa siri. Mrejesho huu hapa.

Mwezi wa kwanza baada ya kufunga bomba, yuniti zile zile 120 zilitufikisha tarehe 28. Mwezi wa pili tukafika mwisho na zikabaki yuniti tano. Kipimo cha usiku sasa kinaonyesha sentimita sifuri, mara moja kilionyesha moja, tukakuta mfereji umefungwa vibaya. Wale wawili wasiosalimiana wanasalimiana, ingawa kwa kichwa tu.

Lakini kumekuja jengine. Mtaa wa bondeni wamesikia kwetu maji hayakatiki. Wameanza kuja, madumu 30, 40 kwa siku. Watu wetu wamegawanyika. Wengine wanasema watozwe mara mbili, wengine wanasema wafukuzwe, wengine wanasema hii ni sadaka ya mtu, hatuna haki ya kumzuia aliyekuja na kiu. Nimekwama. Hii si hesabu.

---

#23 Ustadh Kata

Maalim, kuna hadithi kwa Abu Daud: Waislamu ni washirika katika vitu vitatu, maji, malisho na moto. Wa kunywa hazuiliwi. Na aliyechimba kanuia sadaka, nia yake haina mpaka wa mtaa. Ila umeme unaoyapandisha si sadaka ya yule kijana, ni shilingi elfu zenu. Hapo mna haki ya kusema. Tofautisheni maji na gharama ya kuyainua.

---

#24 Kijana wa Ng'ambo

Mara mbili ni riba ya madumu. Watoze kama mnavyojitoza.

---

#25 Pweza Kidume

Waleteni kwenye daftari. Mtu akiandikwa hageuki mgeni tena, na akiona bomba linavuja atapiga kelele kama mwenyewe.

---

#26 Maalim Hesabu (wiki tatu baadaye)

Tumefuata ya Ustadh na ya Pweza pamoja. Nyumba 11 za bondeni zimeingia daftarini, elfu moja kama sisi, na mama mmoja wa huko ana zamu ya ufunguo Jumatatu na Alhamisi. Maji ya kunywa, dumu moja kwa nyumba, haulizwi mtu. Daftari la kwanza limejaa, tumeanza la pili.

Fundi Mlizamu, paa la madrasa limetiwa milizamu na pipa moja la kuanzia. Limejaa masika haya mara nyingi kuliko nilivyoandika. Nimeacha kuandika, naona wivu.

---

#27 Mtoto wa Wesha

Na Bi Mkubwa? Mumemfungia bomba, mchicha umekufa?

---

#28 Maalim Hesabu

Ulinyauka. Wiki mbili tu, bustani yote rangi ya mkeka kama kwengine, na hakulalamika, ndiyo iliyoumiza zaidi.

Kisha kina mama wa zamu wakaona yale maji yanayomwagika chini ya mifereji, madumu yanapofurika na watu wanaposuuza. Yalikuwa yanatuama pale pale, tope na mbu. Fundi akachimba kifereji cha mawe, kimeshuka mpaka ubavuni mwa nyumba yake. Tumepima: kama lita 200 kwa siku, hazina sabuni, maana kufulia pale tumekataza.

Mchicha umerudi. Fungu la kwanza kampelekea sheha. Sisi wengine tumenunua.